Usiiuze lenzi ya babu kwa bei ya kutupa: bado ina kazi kwenye kamera mpya

Mwezi uliopita, Ijumaa baada ya swala, kijana wa jirani yangu hapa Msambweni alinijia na mkoba mkuukuu mkononi.

"Shikamoo shangazi. Hebu niangalizie hii, nataka kuiuza."

Ndani mlikuwa na kamera aina ya Zenit, nzito kama tofali, ambayo babu yake aliinunua Tanga enzi za filamu. Mtu mmoja wa Ukunda alikuwa amemwahidi shilingi mia nane. Kijana mwenyewe ameshajinunulia Sony ya mitumba, lakini aliipata tupu, bila lenzi. Mpango wake ulikuwa auze ya babu, achukue mkopo kwa simu, kisha anunue lenzi mpya ya karibu elfu thelathini. Harusi ya dadake ilikuwa imebaki wiki tano.

Nikamwambia, "Mwanangu, usiuze. Lenzi unayotaka kwenda kuikopea, umeishika mkononi."

Hakuniamini, na simlaumu. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini. Naandika haya kwa sababu najua si yeye peke yake. Nyumba nyingi za huku kwetu, kutoka Diani mpaka Shimoni, zina kamera ya mzee iliyowekwa juu ya kabati au chini ya kitanda. Vijana wetu nao wanataka kuingia kwenye kazi ya picha na kinachowazuia ni bei ya lenzi. Mambo haya mawili yanaweza kukutanishwa na pete moja ya chuma.

Mjomba na baiskeli yake

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Hakuwa na studio. Alikuwa na baiskeli, mkoba wa ngozi na kamera ya Yashica FX-3, akitembea kutoka Gazi mpaka Ramisi. Alipiga harusi, maulidi, watoto waliohitimu madrasa, na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa mwaka 1988. Filamu ikijaa, alipanda gari hadi Likoni, akavuka feri kwenda kuisafisha mjini. Pale Likoni miaka ya tisini palikuwa na wapiga picha wenye vibanda vya mandhari za kuchora, na mjomba hakupita bila kusimama kutazama wenzake wanavyowapanga watu.

Sisi Wadigo tunaijua habari ya kurithi kwa mjomba. Zamani mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dadake, kabla mirathi ya dini haijazoeleka. Mimi sikurithi shamba wala minazi. Nilirithi Yashica.

Nilipoanza kazi hii niliipeleka kwenye duka moja Mombasa nijue thamani yake. Mwenye duka hata hakuitoa yote kwenye mkoba. "Hii ni ya makumbusho, dada. Nitakupa mia tano, na hiyo ni kwa sababu ya mkoba." Niliondoka nayo nikiwa nimeudhika, ikakaa kabatini miaka mingine minne. Leo lenzi ya kamera hiyo ndiyo iliyopiga nusu ya picha zilizoko ukutani kwangu.

Kwa nini zamani haikuwezekana

Fanya jaribio dogo. Chukua miwani ya kusomea ya mzee wako. Simama ndani ya chumba, mchana, mbele ya ukuta unaotazamana na dirisha. Shika kioo kimoja cha miwani karibu na ukuta, kisha kirudishe nyuma polepole. Itafika mahali utaona dirisha limejichora ukutani, limepinduka juu chini, na mnazi wa nje unaonekana. Sogeza mbele kidogo, picha inapotea. Rudisha nyuma kidogo, inapotea. Kuna umbali mmoja tu unaotoa picha kavu.

Lenzi ya kamera ni hivyo hivyo. Kila kampuni iliamua tangu mwanzo umbali kutoka mdomo wa kamera, yaani pale lenzi inapokazwa, hadi kwenye filamu. Lenzi zake zote zikatengenezwa kufuata umbali huo. Kwa Nikon za zamani ni milimita 46.5. Olympus OM ni 46. Yashica FX-3 ni 45.5, na Zenit na Pentax zile za kukaza kwa skrubu ni karibu hiyo hiyo 45.5. Minolta ni 43.5 na Canon FD ni 42.

Umbali huo ni mrefu kwa sababu ya kioo. Kamera zile zina kioo kilicholala mshazari kati ya lenzi na filamu, kinachorusha picha juu ili jicho lako lione kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, ndio ule mlio wa "klap" tuliouzoea. Kioo kinataka nafasi ya kurukia, na kamera za kwanza za dijitali za kubadilisha lenzi nazo zilikuwa na kioo vilevile.

Sasa tuseme una Nikon ya dijitali yenye kioo na unataka kuivika lenzi ya Yashica. Nikon inataka 46.5, Yashica inataka 45.5. Ili picha itoke kavu, lenzi ingebidi izame milimita moja ndani ya mwili wa kamera, na haiwezi. Milimita moja unaweza kuiona ndogo, lakini lenzi ya milimita 50 ikikaa milimita moja nje ya mahali pake, haioni wazi chochote kilicho mbali zaidi ya mita mbili na nusu hivi. Ungempiga biharusi akiwa karibu nawe, lakini msikiti ulio nyuma yake usingeupata kavu hata ungefanya nini.

Hesabu ya pete

Mambo yalibadilika zilipokuja kamera zisizo na kioo, ambazo mafundi wanaziita mirolesi. Panasonic walitoa G1 yao mwaka 2008, Sony wakaleta mfumo wao mwaka 2010, na Canon na Nikon wakatoa mifumo yao ya RF na Z mwaka 2018. Ndani ya kamera hizi hamna kioo cha kuruka. Sensa yenyewe inaona kupitia lenzi na kukuonyesha kwenye skrini. Kwa kuwa kioo kimeondoka, mdomo wa kamera umesogea karibu kabisa na sensa: milimita 18 kwa Sony, 20 kwa Canon RF, 17.7 kwa Fujifilm X na 16 kwa Nikon Z.

Hesabu ni ya darasa la tatu. Lenzi ya Yashica inataka kukaa milimita 45.5 kutoka kwenye sensa. Mdomo wa Sony uko milimita 18. Toa 18 kwenye 45.5, inabaki 27.5. Tengeneza pete ya chuma yenye unene wa milimita 27.5, upande mmoja uwe na mdomo wa Yashica na mwingine mdomo wa Sony, umemaliza. Pete hiyo ndiyo adapta. Ndani yake hamna kioo wala umeme, ni tundu tupu lenye kazi ya kuirudisha lenzi mahali ilipozoea kukaa.

Kwa sababu hamna kioo ndani, pete haipunguzi ubora wa picha. Picha unayoipata ni ile ile ambayo lenzi iliitoa enzi za filamu.

Lakini angalia: Zenit na Yashica zinataka pete za unene karibu sawa, ila midomo yao haifanani. Zenit hukazwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, Yashica kwa kupachika na kugeuza robo mzunguko. Ukienda kununua, taja pande zote mbili: lenzi yako ni ya aina gani, na kamera yako ni ya aina gani. Pete ya kawaida mimi niliipata kwa chini ya shilingi elfu tatu, na imedumu.

Angalia kwanza ulichonacho

Kabla hujanunua chochote, toa kamera ya mzee ukaiangalie kwenye mwanga.

Swali la kwanza: je, lenzi inatoka? Si kila kamera ya zamani lenzi yake inatoka. Yashica MF-2, zile nyepesi zilizokuwa kila mahali, lenzi yake imefungiwa humo humo na pete haitakusaidia. Iweke kwa kumbukumbu. FX-3, Zenit, Pentax, Minolta, Olympus OM, Nikon na Canon za kitaalamu, hizo lenzi inatoka.

Swali la pili: je, lenzi ina pete yake ya kuzungusha yenye namba kama 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16? Hiyo ndiyo inayofungua na kufunga tundu la mwanga. Ikiwepo, uko sawa. Lenzi za Canon EF, zilizoanza mwaka 1987, hazina pete hiyo kwa sababu tundu lake huendeshwa na umeme wa kamera. Kwa hizo utahitaji adapta yenye nyaya za umeme, ambayo ni ghali zaidi.

Swali la tatu: kioo ni kizima? Fungua tundu hadi namba ndogo kabisa, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, uchungulie mbele. Vumbi kidogo halina neno. Mikwaruzo miwili mitatu midogo pia haionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ya mkoko au utando wa buibui. Zikiwa chache pembeni, lenzi bado inafaa kazi. Zikiwa zimefunika katikati, picha itakuwa na ukungu na mwanga wa taa utatapakaa. Angalia pia majani ya chuma ya lile tundu. Yakiwa na mafuta yatagoma kufunguka.

Lenzi ya kijana ilikuwa Helios 44-2, ya milimita 58. Muundo wake Warusi waliuchukua kutoka kwa Biotar ya Zeiss, Ujerumani. Ilikuwa na vumbi na harufu ya kabati, basi. Wapiga picha wa ng'ambo wanaitafuta kwa jinsi inavyouzungusha usuli nyuma ya mtu, majani ya miti yakaonekana kama yanazunguka kisimani. Huyo mtu wa Ukunda nadhani alijua anachonunua.

Kamera itagoma mwanzo, usiogope

Siku niliyovika pete mara ya kwanza nilibonyeza na kamera ikakataa. Nikadhani nimeibiwa. Kumbe kamera haioni umeme wowote kwenye mdomo wake, kwa hiyo inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu inayoruhusu kamera kupiga bila lenzi, uiwashe. Watu wengi wamerudisha pete nzima dukani kwa sababu ya kitufe hiki kimoja.

Kisha weka kamera kwenye herufi A au M. Kwenye A wewe unachagua tundu kwenye lenzi, kamera inachagua kasi yenyewe.

Fokasi ni ya mkono, na hapo ndipo kamera hizi mpya zinatusaidia kuliko hata kamera ya mjomba. Washa ile alama ya rangi ya fokasi: kila kilicho kavu kwenye skrini kinazungukwa na mistari myekundu au ya manjano. Unazungusha lenzi, unaiona rangi ikitembea kutoka kwenye pua hadi jichoni, unasimama hapo. Ukitaka uhakika zaidi, tumia kitufe cha kukuza ili uone kope za jicho moja kubwa kama skrini. Mjomba angeipata hii, angelia.

Kama kamera yako ina kinga ya mtikisiko ndani ya mwili wake, iambie lenzi ni ya milimita ngapi, maana haiwezi kujua yenyewe. Na usiziamini sana namba za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi. Pete nyingi za bei nafuu hutengenezwa nyembamba kwa unywele ili lenzi iweze kufika mbali kabisa, kwa hiyo ile alama ya nane iliyolala inaweza kupitiliza. Amini macho yako.

Jambo la mwisho: sensa za kamera nyingi tunazozimudu ni ndogo kuliko filamu. Filamu ilikuwa milimita 36 kwa 24, sensa ya Sony kama ya kijana ni 23.5 kwa 15.6. Kwa hiyo lenzi ya 50 inaona eneo dogo zaidi, kama vile 75 ingeona kwenye filamu. Kwa picha ya uso ni nzuri sana. Kwa chumba cha biharusi cha futi kumi kwa kumi, utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta na bado nusu ya mashangazi watakuwa nje ya picha.

Harusi iliyonifunza

Nisije nikawadanganya kwamba yote ni rahisi.

Mwaka wangu wa kwanza na lenzi hii niliitwa kupiga kupamba huko Munje. Mnajua kupamba kwetu: wanawake watupu, simu zinakusanywa mlangoni, na mpiga picha ni mmoja tu, mwanamke mwenzao waliyemwamini. Maana yake picha zikiharibika, hakuna mwingine aliye nazo.

Nilikuwa nimeshikwa na kiburi cha picha nzuri nilizokuwa nimepiga ufukweni Mkunguni. Nikafungua lenzi mpaka mwisho, namba 2, kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu. Vugo likalia, biharusi akaingia akitembea, na mimi nikaanza kuzungusha fokasi nikimfuata. Nikizungusha, ameshapita. Nikirudisha, shangazi yake amemziba.

Hesabu yake niliijua baadaye. Lenzi ya 50 kwenye sensa ile, ikiwa wazi kwenye namba 2 na mtu yuko mita mbili, sehemu iliyo kavu ni kama sentimita 13 tu kwenda na kurudi. Mtu anayetembea anazivuka hizo kwa hatua moja. Tulipokaa kuangalia picha, dadake biharusi akauliza kwa upole, "Dada, mbona usoni ana ukungu?" Nilirudisha nusu ya pesa. Kilichoniuma si pesa. Kuingia kwake hakutarudiwa, na sikumpa picha yake.

Tangu siku hiyo nina kanuni tatu.

Kwanza, kitu kinachokwenda mbio napiga kwa lenzi yenye fokasi ya kujiendesha, hata kama ni ile ya bei rahisi inayouzwa pamoja na kamera. Lenzi ya mjomba inakaa shingoni kwa kamera ya pili, au kwenye mkoba.

Pili, ikinilazimu kutumia ya mkono, nategea. Naweka fokasi kwenye sehemu moja ya mkeka au zulia kabla hajafika, kisha nasubiri akanyage pale. Ni kama mvuvi na dema: humfukuzi samaki, unatega njia yake.

Tatu, kwa kundi la watu nafunga tundu. Kwenye namba 8, watu wakiwa mita tatu, napata zaidi ya mita moja iliyo kavu, na safu mbili za mabibi zinaingia bila mtu kulalamika. Mwanga ukipungua naongeza taa, sifungui lenzi.

Naiambia hadithi hii kwa makusudi. Lenzi ya zamani ni rafiki wa mtu mwenye subira. Asiyekuwa na muda wa kuizoea, asiende nayo kwenye kazi ya mtu.

Kazi zinazoifaa

Picha za wazee. Mzee aliyekaa barazani hana haraka, na wewe huna haraka. Kuzungusha lenzi polepole kunamfanya asahau kamera, uso unalegea.

Picha za pasipoti na za shule. Mtu amekaa, taa haibadiliki, fokasi unaipima mara moja.

Mazingira. Mikoko ya Gazi asubuhi, ngalawa zinaporudi, miti mikubwa ya Kaya Kinondo ukiwa umeruhusiwa na wazee wa kaya. Hivi havikimbii.

Video za mahojiano. Lenzi hizi zinazunguka laini, na fokasi haibadiliki yenyewe katikati ya maneno ya mtu.

Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote ni kunakili picha za zamani. Lenzi nyingi za 50 husogea hadi karibu nusu mita, na kwa umbali huo inachukua eneo la takriban sentimita 18 kwa 12, karibu sawasawa na picha ya postikadi. Ilaze picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, weka kamera kwenye stendi ikitazama chini sambamba na picha, funga tundu hadi 8, tumia saa ya kuhesabu sekunde mbili ili mkono usitikise. Inatosha.

Nimeanza kuzinakili picha za mjomba nyumba kwa nyumba. Pwani yetu imekuwa na wapiga picha wakubwa. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, anaandikwa vitabuni, na Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inajulikana mbali. Wapiga picha wa baiskeli kama mjomba hawana jumba la kuhifadhi. Picha zao ziko kwenye mabahasha, zinaliwa na mchwa na unyevu. Juzi nilinakili moja ya wafanyakazi saba wa Ramisi wamesimama mbele ya trekta la miwa. Mwenye picha, bibi mmoja, alinitajia majina ya wote saba, na wanne katika hao wameshatangulia mbele ya haki. Picha hiyo ilipigwa na lenzi ile ile iliyokuwa kwenye stendi yangu.

Adui yetu ni hewa ya bahari

Huku kwetu kinachoua lenzi mara nyingi ni unyevu kuliko kuanguka. Kuvu hupenda giza, joto na hewa iliyotulia, na kabati la nguo lina vyote vitatu.

Usiihifadhi lenzi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatia. Mkoba mzuri ukaweke ukutani, lenzi iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na dawa. Vikishiba unyevu havifanyi kazi tena, vibadilishe.

Itumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki na kupata mwanga haioti kuvu haraka kama inayofungiwa. Ila usiiache imetazama jua: inakusanya miale kama ile miwani ya mzee, na inaweza kuchoma sensa au hata kitambaa.

Ukitoka ufukweni, futa mwili wa lenzi na pete kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Chumvi ikikaa kwenye pete, siku moja itakataa kutoka. Na usibadilishe lenzi mchangani wakati kusi linavuma. Kwenye kamera hizi sensa iko wazi mbele yako, hakuna kioo cha kuikinga. Ingia ndani ya gari au kibanda, geuza kamera itazame chini, badilisha upesi.

Kama kuvu tayari imeota ndani, usiifungue lenzi kwa bisibisi nyumbani. Nimeona tatu zilizouawa hivyo. Mpelekee fundi, na kabla hajaigusa muulize bei, maana wakati mwingine ni nafuu kutafuta nyingine.

Kijana ilikuwaje?

Hakuuza. Alikopa kwangu pesa ya pete, bila riba, akanilipa kwa kunisaidia kubeba stendi harusi mbili. Wiki tatu nzima alikaa stendi ya matatu akijizoeza kwa watu wanaoshuka magari ya Ukunda na Lunga Lunga, mpaka makondakta wakachoka naye. Siku ya harusi, matembezi ya bwana harusi yalipigwa na rafiki yake mwenye lenzi ya kujiendesha. Yeye na Helios yake walibaki uani. Alimpiga bibi yake, mjane wa yule mwenye Zenit, amekaa chini ya mwembe na kanga yake mpya.

Ni picha moja tu aliyonionyesha, na bibi yake ameitaka ichapishwe kubwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Simzuii mtu kununua lenzi mpya. Mimi mwenyewe ninazo mbili, na kwa kazi za haraka siwezi bila hizo. Ninachoomba ni hiki: kabla hujakopa, na kabla hujampa mpita njia kamera ya mzee wako kwa shilingi mia nane, fungua kabati, washa tochi, uangalie ndani ya kioo. Ukiona ni safi, nunua pete kwanza.